Gia Nne za Kurudi Nyuma

Vijana wangu wa gereji, picha zenu nazipata. Kila asubuhi kabla sijamaliza uji simu inalia, nafungua, nakuta kipuri kimelazwa juu ya gunia, kimepigwa picha kwa mbali kama maiti inayosubiri ndugu waje kuitambua. Chini yake maandishi: "Mambo Mama Spea, hii itaingia?"

Kwanza, shikamoo. Pili, sijui kama itaingia. Na hata ikiingia, bado sijakujibu kitu, maana kuingia ni habari moja na kufaa ni habari nyingine. Mguu wangu unaingia kwenye kiatu cha marehemu mume wangu, lakini msinione sokoni nimekivaa.

Nimestaafu. Mgongo umekataa kuinama na macho yamekataa meno ya gia. Lakini kwa kuwa mmekataa kuniacha nipumzike, kaeni niwasimulie jambo lililonipata kijijini Pito, ili siku nyingine mtu akikwambia "imeingia" usiwahi kupiga makofi.

Kazi nilianzia stoo. Palikuwa na karakana ya malori ya umma hapa Sumbawanga, na mimi nilikuwa mtunza stoo msaidizi, msichana mwenye sketi ya marinda na kalamu sikioni. Mkuu wangu alikuwa Mzee Bwanali, mtu mfupi, mkimya, aliyeweza kufumba macho, ukampa beringi mkononi, akaipapasa na kukwambia ni ya gurudumu gani na lori gani. Siku moja nilimpelekea fundi pampu ya maji kwa kusoma boksi tu. Fundi akairudisha amefura, kwa sababu ndani ya boksi la pampu ya maji mlikuwa na pampu ya dizeli. Mzee Bwanali hakunigombeza. Alichukua lile boksi, akalichana vipande, akawashia moto wa chai.

"Boksi ameliandika mtu anayetaka kuuza," akasema. "Wewe soma chuma."

Basi nikajifunza kusoma chuma. Kuhesabu meno, kupima unene, kuangalia namba zilizogongwa ubavuni, kupitisha kucha kwenye ukingo kusikia kama umelika. Halafu ikaja miaka ya ruksa, biashara ikaachiwa kila mtu. Karakana ikafungwa, tukashukuriwa, tukaenda nyumbani. Mji ukafurika maduka. Spea tulizokuwa tukizisubiri mwaka mzima zikawa zinaning'inia madirishani kama mikufu, nyingine zimetoka Dar, nyingine Dubai, nyingine zimevuka kutoka Zambia zimefichwa chini ya sabuni. Maboksi yaling'aa ajabu. Tatizo ni kwamba hakuna aliyejua kipi kinafaa wapi, na mwenye duka ndiye aliyejua kidogo kuliko wote. Hapo ndipo watu walipokumbuka kwamba yule msichana wa stoo bado yu hai. Wakaanza kunijia: Mama, nilinganishie hiki na hiki. Nikawa Mama Spea.

Mafundi walinicheka. Aliyenicheka kuliko wote alikuwa Fundi Deusi, jitu la miraba minne, hodari kweli kweli, ila mwenye imani kubwa mno na tupa. Aliwahi kununua sahani ya klachi ya basi ambayo tundu lake la katikati lilikuwa na meno kumi, wakati shafti ya giaboksi ilikuwa na meno zaidi ya ishirini. Mtu mwingine angeirudisha dukani. Deusi alikaa siku mbili anaisugua kwa tupa. Akanijia anatokwa jasho, anachekelea: "Mama Spea, imeingia!" Iliingia, naam. Na ilipofika nje ya Laela ikatoka, vipande vipande, na abiria wakalala na vifaranga wao mpaka asubuhi. Tangu siku ile akawa anakuja kwangu kabla ya kwenda kwenye tupa, na ndivyo tulivyoanza kufanya kazi pamoja.

Sasa Pito.

Pito alikuwako mfugaji mmoja aliyeitwa Masanja, Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake na ndugu zake, mtu mkarimu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe hata anapokusalimia. Ruksa ilipomwingia kichwani akataka biashara. Akauza ng'ombe kadhaa akanunua lori la Kiingereza la pua ndefu, la zamani, lililokuwa limelala miaka mingi hata kuku wakawa wanatagia kwenye usukani. Mpango wake ulikuwa kupeleka mahindi ziwani, Kabwe na Kipili, na kurudi na samaki. Akatuita mimi na Deusi tulifufue. Mdogo wake, Luhende, alikasirika sana. Kila tulipokuwa tunafanya kazi alikuja, akalizunguka lile lori, akauliza, "Hili linatoa maziwa lita ngapi?" kisha akaondoka.

Jirani wa Masanja alikuwa mama mmoja mjane, Mama Kalista, Mfipa wa palepale, mtu wa kanisa na wa jembe. Shamba lake la ulezi lilipakana na zizi la Masanja. Mnaelewa maana yake. Ng'ombe walivunja, walikula, Masanja aliomba radhi, na wiki iliyofuata walivunja tena. Siku moja, sisi tukiwa tumelala chini ya lori, tulimsikia mama yule amesimama mpakani na mganda wa ulezi uliotafunwa mkononi, anapiga kelele:

"Masanja! Unahangaika na mavyuma wakati zizi lako limekushinda! Na hilo lori lako nakwambia, litakurudisha kinyumenyume mpaka huko ulikotoka!"

Deusi akacheka huko chini mpaka akajigonga kichwa kwenye ekseli. Sisi tuliyachukua kuwa maneno ya hasira ya mtu aliyeliwa ulezi wake. Lakini watu wengi waliyasikia.

Injini tuliifungua yote. Pistoni mpya, ringi mpya, beringi za konrodi nilizipima moja moja, maana katika boksi moja mlikuwa na za saizi mbili. Klachi nikailinganisha na flaiwili na shafti, nikahesabu meno mara tatu. Giaboksi ilikuwa nzima. Kilichobaki ni difu. Mnajua difu, ile nyumba ya gia katikati ya ekseli ya nyuma. Ndani yake mna gia ndogo, pinioni, inayozungushwa na propela, ile shafti ndefu itokayo kwenye giaboksi, na gia kubwa kama sahani, krauni, inayozungusha magurudumu. Ya lori lile ilikuwa imesagika kama unga wa dona.

Maduka yote hayakuwa nayo. Mwishowe nikakumbuka uwanja wa vyuma chakavu nyuma ya karakana yetu ya zamani. Palikuwa na lori ndugu yake, la muundo ule ule, ila lile lilivuta kwa magurudumu yote, ya mbele na ya nyuma. Difu yake ya nyuma ilishaondoka na wajanja. Ya mbele ilikuwapo, imelala kwenye majani, haijaguswa. Nikaifungua mwenyewe. Krauni meno thelathini na saba, pinioni sita, sawasawa na yetu. Namba iliyogongwa kwenye krauni na iliyogongwa kwenye pinioni ni moja, maana yake wawili hawa walizaliwa pamoja. Hilo lishikeni: krauni na pinioni hawaachanishwi, ukiwaozesha wengine watapiga kelele mpaka wauane. Boliti zote sawa. Kabla ya kuitoa, kwa jinsi nilivyofundishwa, nikachukua chaki nikaandika upande wa juu kwa herufi kubwa: JUU.

Nilijisikia kama nimefaulu mtihani wa darasa la saba mara ya pili.

Pito, Deusi akaibeba juu ya jeki, akauliza kutoka chini, "Mama, upande upi juu?"

"Hujui kusoma? Nimekuandikia."

Akafunga. Boliti zote zikakaa bila hata kubembelezwa. Tukainua nyuma ya lori, Deusi akaizungusha propela kwa mikono, na magurudumu yakazunguka, laini, bila mlio. Tukashangilia. Tulipeana mikono. Hakuna hata mmoja wetu aliyeangalia yanazunguka kwenda upande gani.

Siku ya kuondoka Masanja aliifanya sherehe. Ilikuwa asubuhi ya baridi ile ya Ufipa, watu wamejifunga mashuka juu ya masweta. Magunia ya mahindi yamepangwa kwenye bodi, juu ya magunia wamekaa wanakwaya waliopewa lifti kwenda Kipili. Ndugu wote wamekuja. Hata Luhende alikuja, mikono nyuma, amenuna. Nyuma ya lori, hatua kama ishirini hivi, ni zizi, limejaa ng'ombe. Deusi akapanda kwenye usukani. Akawasha. Injini ikanguruma vizuri mpaka nikasikia machozi. Wanakwaya wakaanza wimbo wa safari. Masanja akapunga kofia, akaelekeza barabarani:

"Twende!"

Deusi akaweka gia ya kwanza, akaachia klachi, na lori likarudi nyuma.

Alidhani amekosea gia. Akaweka ya pili. Lori likarudi nyuma kwa kasi zaidi. Wanakwaya, ambao walikuwa wamewapungia mkono waliokuja kuwaaga, wakajikuta wanawapita tena wale wale, bado wanaimba. Deusi alipokumbuka kwamba breki ni mguu na si mdomo, lori lilishaangusha upande mzima wa zizi. Hakuna aliyeumia, wala mtu wala ng'ombe. Ila ng'ombe walitazama lile pengo, wakatazamana, wakatoka kwa utaratibu kabisa, moja kwa moja, kwenye ulezi wa Mama Kalista.

Kisha mtu mmoja akasema kwa sauti ndogo:

"Kinyumenyume."

Nililiona neno lile linavyotembea. Lilikwenda mdomo hadi mdomo, na kila lilipofika uso ulibadilika. Masanja akawa mweupe kama majivu. "Watoeni!" akapiga kelele. "Watoeni ng'ombe shambani kwa yule mama! Msikanyage hata jani moja!" Tangu nimfahamu sikuwahi kumsikia akisema hivyo.

Mama Kalista akatoka nyumbani na fimbo, tayari kwa ugomvi wa kawaida. Akakuta watu wanampisha njia, wanarudi nyuma, wanavuta watoto wao. Masanja akapiga magoti kwenye umande.

"Mama, nisamehe. Niachie lori langu."

"Lori gani?" akasema. "Mimi nataka ng'ombe zako watoke!"

"Wewe sema tu neno, liende."

"Mzee huyu amekunywa nini asubuhi yote hii?"

Mpaka hapo ungeweza kucheka. Nami, Mungu anisamehe, nilicheka. Lakini nikamwona Luhende. Hakuwa anacheka. Alikuwa amewakusanya vijana wanne watano pembeni na nikasikia neno sungusungu. Mnajua miaka ile. Mtu aliweza kuitwa mchawi saa tatu asubuhi na kufikia saa sita nyumba yake ni moshi. Mama yule akaishusha fimbo, akawatazama wale vijana. Alikuwa ameanza kuelewa.

Nikamkimbilia Deusi dirishani. "Weka rivasi," nikamwambia.

"Mama, unataka nimalize zizi lote?"

"Weka rivasi nakwambia!"

Akaweka. Lori likaenda mbele, taratibu, kwa adabu.

Watu wakapiga mayowe. Gia nne za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele. Si giaboksi, si injini. Niliiona chaki yangu, JUU, kwenye difu iliyotoka ekseli ya mbele. Mbele, ile difu inatazama nyuma, na propela yake katika lori lile inazunguka kinyume na yetu. Nyuma inatazama mbele. Ukiigeuza uso ni lazima uipindue pia, chini iwe juu, ili krauni ihamie upande wa pili. Mimi nimehesabu meno, nimesoma namba, nimepima kila boliti, na nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe kosa langu kwa herufi kubwa.

Deusi naye alishaelewa. Akashuka, akanisogelea sikioni.

"Mama Spea, nyamaza. Wakiamini uchawi, sisi tumepona. Tutaipindua wiki ijayo kimyakimya, tuseme limeombewa."

Sitawadanganya kwamba sikulifikiria. Nililifikiria kwa muda wa kumeza mate mara mbili. Jina langu ndilo lilikuwa duka langu, sikuwa na jingine. Kisha nikamtazama yule mama.

"Sikilizeni!" nikapaza sauti. "Hakuna aliyeliroga lori hili. Ni mimi. Nimefunga difu kichwa chini."

Hakuna aliyeamini. Luhende akatabasamu. "Mwanamke anamfichia mwanamke mwenzake," akasema.

Hapo nikapandwa na hasira. Nikamwomba Mama Kalista ungo wake, nikaokota gunzi la hindi. "Gunzi hili ni propela," nikasema. "Ungo ni krauni inayozungusha gurudumu. Wewe Luhende, shika gunzi, zungusha, usibadilishe upande." Akazungusha, kwa shingo upande. Nikausimamisha ungo ubavuni mwa ncha ya gunzi, mkono wa kulia, ukingo ukigusa. Ungo ukazunguka kwenda mbele. "Endelea vile vile." Nikauhamishia mkono wa kushoto. Ungo ukazunguka kurudi nyuma. Nikarudisha kulia: mbele. Kushoto: nyuma.

Luhende akalitazama gunzi kama limemsaliti.

"Nipeni mpaka saa tisa," nikasema. "Tunaifungua, tunaipindua, tunaifunga. Lori likienda mbele, mtamwomba mama huyu radhi mbele ya wote walio hapa."

"Na likikataa?" akauliza Masanja, bado yuko magotini.

"Likikataa basi mchawi ni mimi, mnajua nyumba yangu ilipo."

Deusi akaguna kama mtu aliyekanyagwa, lakini akaingia chini ya lori. Hakuna aliyekwenda nyumbani. Wanakwaya walishuka, wakachoma viazi. Mama Kalista akaleta kigoda chake, akaketi karibu na gurudumu la nyuma, kwa sababu, alisema, kama ataitwa mchawi anataka walau aone alichofanya. Akauliza kila kitu. Hafu shafti ni nini, mbona mnazichomoa, hiyo oili nyeusi ni ya kupikia nini. Tulipoiteremsha difu na kuipindua, chaki ya JUU ikaangalia ardhini, alipiga makofi mara moja. "Kumbe ndivyo!" akasema. Ilikuwa ni mara ya kwanza kumwona mtu akifurahi kuona kosa langu.

Safari hii kabla ya kulishusha lori kutoka kwenye jeki nilimkalisha Deusi kwenye usukani, akaweka gia ya kwanza, nami nikapiga magoti karibu na gurudumu nikalitazama mpaka macho yakauma. Linakwenda mbele. Nikamwita Luhende naye aje alitazame. Nikamwita Masanja. Nikaita kwaya nzima, wakapita mmoja mmoja kama wanaaga marehemu.

Kabla ya saa tisa lori liliondoka Pito kwa gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwenda mbele, na vumbi lake likabaki nyuma linakostahili kubaki. Masanja hakupanda. Alibaki, akavua kofia, akaenda kwa Mama Kalista na ndugu zake wote nyuma yake, na Luhende akasukumwa mbele aseme kwanza. Aliomba radhi akiangalia vidole vya miguu yake, lakini aliomba, na kila mtu alisikia. Wakati wa kurudi mjini nilitembea kwa miguu na vyombo vyangu begani, nikihesabu wateja nitakaowapoteza. Ajabu ni kwamba waliongezeka. Watu walisema, huyu akikosea anasema.

Wiki moja baadaye nilikwenda Pito kukaza boliti za ile difu, maana kitu kilichofungwa upya lazima kikazwe tena baada ya kutembea, na hilo pia mlishike. Nikapita kwa Mama Kalista kumsalimu. Nikamkuta amesimama mpakani, na shambani mwake, katikati ya ulezi uliokomaa, ng'ombe watatu wa Masanja wanatafuna taratibu, wamepumzika kabisa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Hakuondoa macho kwa ng'ombe. "Nilitaka nikuone. Nikushukuru. Umeniokoa, hilo sitalisahau mpaka naingia kaburini."

"Ah, mama, nilikosea mimi, ilikuwa haki yako."

"Ni kweli," akasema. Akamtazama yule ng'ombe mkubwa aking'oa shina zima na mizizi yake. "Ila asubuhi ile waliponidhania mchawi, mwanangu, ng'ombe walitolewa mbio wote, hakubaki hata ndama. Sasa hivi ningekuwa nimeshavuna. Hukuweza kukaa kimya hata wiki moja?"